Picha ya MRI ya Moyo na Dawa ya Kuing'arisha: Mambo ya Kujua na ya Kuuliza

Shabaha ya somo

Kipimo cha MRI cha moyo humwezesha daktari kuona, bila kupasua kifua na bila kutumia mionzi ya eksirei, ni sehemu gani ya msuli wa moyo iliyo hai na ni ipi iliyokufa. Kwa mtu aliyepata shambulio la moyo, jibu la swali hilo laweza kuamua kama atapelekwa kuzibuliwa mishipa ya moyo au ataendelea kutibiwa kwa dawa. Ni jibu zito, na mara nyingi halipatikani mpaka mgonjwa achomwe dawa ya kung'arisha picha, ambayo wahudumu wengi huiita kontrasti.

Katika kazi yetu ya kusimamia ubora na usalama wa dawa na vifaa vya tiba, tumeona kwamba wananchi hukosea kwa namna mbili wanapokutana na dawa hii. Wapo wanaonyoosha mkono wachomwe bila kuuliza wala kueleza lolote kuhusu afya zao. Wapo pia waliosikia kwamba dawa hiyo "inabaki mwilini" au "inaharibu figo", wakaikataa kabisa, na kuondoka hospitalini na picha isiyojibu swali la daktari. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya makundi yote mawili.

Baada ya kulisoma, msomaji ataweza kueleza kipimo hiki hufanyaje kazi, dawa ya kung'arisha picha ni kitu gani, ni nani anapaswa kuwa na tahadhari zaidi, na ni maswali gani ya kuuliza kabla ya kulala kwenye mashine. Tunataka aone pia kwamba usalama wa mgonjwa na ubora wa picha si mambo mawili yanayovutana. Hatua nyingi zinazomlinda mgonjwa ndizo hizo hizo zinazoifanya picha yake isomeke.

1. Mashine inavyofanya kazi

Mwili wa binadamu una maji mengi, na kila chembe ya maji ina haidrojeni ndani yake. Mashine ya MRI ni sumaku kubwa yenye umbo la mtungi uliotobolewa katikati. Mgonjwa anapoingizwa ndani, sumaku hiyo huzipanga chembe za haidrojeni zilizomo mwilini. Kisha mashine hutuma mawimbi ya redio yanayozisukuma chembe hizo kidogo kutoka katika mpangilio wake. Mawimbi yakikatishwa, chembe hurudi mahali pake na kutoa ishara hafifu, na kompyuta huzigeuza ishara hizo kuwa picha.

Chembe zilizomo katika damu, mafuta, msuli wenye afya na kovu hazirudi mahali pake kwa kasi moja. Tofauti hizo za kasi ndizo zinazoonekana katika picha kama weusi, weupe na kijivu. Tofauti ikiwa kubwa, daktari huona mpaka kati ya sehemu moja na nyingine waziwazi. Ikiwa ndogo, msuli mzima na ulioharibika hufanana.

Nguvu ya sumaku hupimwa kwa kipimo kiitwacho tesla. Mashine nyingi za hospitali zina tesla 1.5, na nyingine zina tesla 3. Nguvu ya tesla 1.5 ni takriban mara 30,000 ya ile nguvu ya sumaku ya dunia inayougeuza mshale wa dira. Katika mashine za aina hii sumaku haizimwi baada ya kazi. Iko hai mchana na usiku, hata kama chumba kiko kimya na hakuna mgonjwa anayepimwa.

2. Kwa nini moyo ni mgumu kupigwa picha

Mguu au kichwa vinaweza kutulia. Moyo hautulii. Hupiga takriban mara 60 hadi 100 kwa dakika, na mapafu yanayouzunguka hupanuka na kusinyaa kwa kila pumzi. Kuupiga picha ni sawa na kumpiga picha mtoto anayecheza: asipongojewa wakati unaofaa, picha hutoka na ukungu.

Wataalamu hulitatua jambo hili kwa njia mbili. Kwanza, humbandika mgonjwa vibandiko vya kupima umeme wa moyo kifuani, ili mashine ijue pigo limefika wapi na ichukue sehemu za picha kwa wakati ule ule katika kila pigo. Pili, humwomba mgonjwa abane pumzi, kwa kawaida sekunde 10 hadi 15, na kurudia mara nyingi. Kipimo kizima huweza kuchukua dakika 30 hadi 60.

Hapa mgonjwa mwenyewe ni mshiriki katika kazi. Akielezwa mapema namna ya kubana pumzi na akafanya mazoezi mawili matatu kabla ya kuingia, picha hutoka safi. Asiyeweza kubana pumzi kwa sababu ya kuishiwa nguvu aseme mapema, kwa kuwa zipo njia za kuchukua picha huku mtu akipumua. Picha hizo huenda zisiwe kali kama zile za kubana pumzi, lakini ni bora kuliko picha nyingi zilizoharibika.

Yafaa pia kujua kwamba si kila picha ya moyo inahitaji dawa. Ukubwa wa vyumba vya moyo, nguvu ya msukumo wake, mwendo wa damu kwenye vali na uvimbe wa msuli huweza kupimwa bila dawa. Vivyo hivyo wingi wa madini ya chuma katika msuli wa moyo, jambo linalowahusu wagonjwa wanaoongezewa damu mara kwa mara, wakiwemo baadhi ya wenye selimundu na talasemia. Kwa hiyo swali la kwanza kumwuliza daktari ni hili: "Kipimo changu kinahitaji dawa ya kung'arisha picha, au kinaweza kujibu swali lako bila dawa hiyo?"

3. Dawa ya kung'arisha picha ni kitu gani

Dawa hizi nyingi hutengenezwa kwa madini yaitwayo gadolini. Gadolini ikiwa karibu na chembe za maji huzifanya zirudi mahali pake kwa haraka zaidi, na sehemu iliyo na gadolini nyingi huonekana nyeupe katika picha.

Dawa huchomwa kwenye mshipa wa mkono na kusambaa pamoja na damu. Haiingii ndani ya seli zilizo hai. Hukaa katika nafasi zilizo kati ya seli. Katika msuli wenye afya nafasi hizo ni nyembamba, na dawa huoshwa mapema. Katika kovu, seli zimekufa na nafasi yake imechukuliwa na nyuzi; dawa huingia kwa wingi na huchelewa kutoka. Ndiyo maana mtaalamu husubiri takriban dakika 10 hadi 20 baada ya kuchoma dawa kabla ya kuchukua picha za kovu. Huchagua pia wakati ambapo msuli wenye afya huonekana mweusi, ili kovu jeupe lijitokeze dhahiri. Mgonjwa anayeona kwamba amechomwa dawa na kisha "hakuna kinachofanyika" asidhani amesahauliwa. Kusubiri huko ni sehemu ya kipimo.

Faida ya jambo hili ni kubwa. Kovu la shambulio la moyo huanzia tabaka la ndani la msuli na kufuata eneo la mshipa ulioziba. Kovu litokanalo na maambukizi ya msuli wa moyo mara nyingi hukaa tabaka la nje. Upo pia ugonjwa ambao utando wa ndani wa moyo hugeuka nyuzi ngumu na kuuzuia moyo kujaa damu. Ugonjwa huo ulielezwa mjini Kampala, Uganda, na daktari J.N.P. Davies mwaka 1948, na bado unajulikana katika nchi za joto. Katika magonjwa hayo yote, mahali kovu lilipo na umbo lake humsaidia daktari kutambua chanzo, na pasipo dawa huenda asilione kabisa.

4. Upande wa pili wa dawa: historia fupi ya tahadhari

Gadolini ikiwa peke yake ni sumu mwilini. Watengenezaji huifunga ndani ya molekuli kubwa ili isigusane na viungo vya mwili na ili figo ziitoe pamoja na mkojo. Kwa mtu mwenye figo nzima, nusu ya dawa iliyomo katika damu hutoka kwa muda wa takriban saa moja na nusu, na zaidi ya asilimia 90 hutoka ndani ya siku moja.

Molekuli hizo ni za namna mbili. Zipo zilizo kama uzi unaoizunguka gadolini huku ncha zake zikiwa wazi. Tuziite dawa za uzi. Na zipo zilizo kama pete inayoifungia gadolini ndani. Tuziite dawa za pete. Pete hushika kwa uthabiti zaidi kuliko uzi.

Dawa ya kwanza ya aina hii iliidhinishwa Marekani mwaka 1988, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba dawa hizi hazina madhara makubwa hata kwa wagonjwa wa figo. Kuanzia mwaka 1997, madaktari wa Marekani walianza kuona wagonjwa wa figo ambao ngozi yao ilikuwa nene na ngumu, viungo vyao vikakakamaa, na baadhi yao hata viungo vya ndani vikaathirika. Ugonjwa huo ulielezwa katika jarida la kitabibu mwaka 2000, lakini chanzo chake hakikujulikana. Mwaka 2006, madaktari wa Austria na kisha wa Denmark walionyesha kwamba wagonjwa hao walikuwa wamechomwa dawa za gadolini. Figo zao zilishindwa kuitoa dawa upesi. Ikakaa mwilini muda mrefu, na gadolini ikachomoka katika vifungo vyake. Wengi walikuwa wamepewa dawa za uzi, na mara nyingi kwa kipimo kikubwa.

Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liandikwe kwenye dawa hizi. Hospitali zikaanza kuchunguza figo za wagonjwa kabla ya kuwachoma, zikapunguza vipimo vya dawa, na kuhamia kwenye dawa za pete. Tangu hapo wagonjwa wapya wa maradhi hayo wamekuwa nadra sana. Mashine zilibaki zile zile. Kilichowaokoa watu ni maswali yaliyoulizwa kabla ya sindano.

Jambo la pili lilijitokeza mwaka 2014, watafiti wa Japani walipoonyesha kwamba kiasi kidogo cha gadolini huweza kubaki katika ubongo wa watu waliochomwa dawa hizi mara nyingi, hata kama figo zao ni nzima. Dawa za uzi huacha kiasi kikubwa zaidi kuliko za pete. Mwaka 2017 mamlaka ya Umoja wa Ulaya ilisimamisha baadhi ya dawa za uzi zinazochomwa kwenye mshipa, na nyingine ikazibakiza kwa ajili ya picha za ini tu. Marekani haikuziondoa, iliamuru wagonjwa wapewe maelezo ya maandishi, na ikasema kwamba haijathibitishwa kuwa gadolini inayobaki katika ubongo imewadhuru watu wenye figo nzima.

Msomaji ataona kwamba maneno "dawa inabaki mwilini" yana ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Kiasi kinachobaki ni kidogo, hutegemea aina ya dawa na idadi ya sindano, na hupimwa dhidi ya hatari ya kutoujua ugonjwa wa moyo. Busara ni kutumia dawa ya pete inapopatikana, kwa kiasi cha chini kinachotosha, na pale tu picha isiyo na dawa haitoshi.

5. Kiasi cha dawa: usihesabu mililita peke yake

Kiasi cha dawa hukadiriwa kwa uzito wa mwili. Kwa picha za moyo, kiasi cha kawaida ni milimoli 0.1 hadi 0.2 kwa kila kilo ya uzito. Mgonjwa anapaswa kupimwa uzito siku hiyo hiyo. Asitaje uzito aliokuwa nao miaka mitatu iliyopita.

Dawa hizi hazina ukali unaolingana. Nyingi zina nusu milimoli katika kila mililita, na ipo yenye milimoli moja kamili katika kila mililita. Mtu wa kilo 60 anayehitaji milimoli 6 atachomwa mililita 12 za dawa ya kwanza, lakini mililita 6 tu za dawa ya pili. Anayelinganisha mililita zake na za jirani yake aliyepimwa kwingine anaweza kudhani amepunjwa, kumbe wote wawili wamepata sawa.

Tunasisitiza pia kwamba kuongeza dawa kupita kiasi hakuleti picha bora. Ubora hutokana na kiasi sahihi, muda sahihi wa kusubiri, na mgonjwa aliyetulia.

6. Nani awe na tahadhari zaidi

Wagonjwa wa figo. Kipimo cha damu cha kreatinini huonyesha kiwango cha figo kuchuja damu. Kiwango kikiwa chini ya mililita 30 kwa dakika, au mtu akiwa katika usafishaji wa damu, au figo zikiwa zimeshindwa ghafla, ni lazima mtaalamu ajue kabla ya kuchagua dawa. Hii haina maana kwamba mgonjwa wa figo anyimwe kipimo. Kwa dawa za pete, hatari ya ule ugonjwa wa ngozi imeonekana kuwa ndogo mno, na wagonjwa wa figo wengi wana maradhi ya moyo yanayohitaji kuonekana. Aliye katika usafishaji wa damu aombe kipimo kipangwe muda mfupi kabla ya zamu yake ya kusafishwa.

Wajawazito. Dawa ya gadolini huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Haitumiki ila kama kuna ulazima mkubwa. Mwanamke anayehisi huenda ana mimba aseme kabla, hata kama hajapima.

Mama wanaonyonyesha. Kiasi kinachoingia katika maziwa ni chini ya asilimia 0.04 ya dawa iliyochomwa, na utumbo wa mtoto hufyonza sehemu ndogo sana ya hicho. Mama anaweza kuendelea kunyonyesha. Akipenda kusubiri siku moja kwa ajili ya utulivu wa moyo wake, akamue maziwa mapema na kuyahifadhi.

Waliowahi kudhurika na dawa ya kung'arisha picha. Mzio mkali wa dawa za gadolini ni nadra, lakini hutokea. Aliyewahi kuwashwa, kuvimba uso au kubanwa kifua baada ya sindano kama hiyo aeleze, na ataje jina la dawa ikiwa analijua.

Wenye pumu. Baadhi ya vipimo huongezewa dawa nyingine ya kuuchangamsha mzunguko wa damu wa moyo, ili ionekane kama mishipa inapitisha damu ya kutosha. Baadhi ya dawa hizo hazifai kwa mwenye pumu. Kwa kipimo cha namna hiyo, mgonjwa huambiwa pia aache kahawa, chai, soda za kola na chokoleti kwa muda wa saa 12 hadi 24 kabla. Kafeini huipinga dawa hiyo, na picha yaweza kuonyesha moyo mzima mahali penye kasoro. Kikombe kimoja cha kahawa ya asubuhi kinatosha kuupotosha ukweli.

7. Sumaku haisahau chuma

Mwaka 2001, katika jimbo la New York nchini Marekani, mtoto wa miaka 6 alifariki baada ya mtungi wa oksijeni wa chuma kuingizwa katika chumba cha MRI na kuvutwa na sumaku. Mtungi kama huo huruka kwa kasi, na hakuna mkono wa mtu unaoweza kuuzuia. Ndiyo sababu mlango wa chumba hicho hulindwa, na ndiyo sababu anayemsindikiza mgonjwa huulizwa maswali yale yale anayoulizwa mgonjwa.

Kabla ya kuingia, ondoa na uache nje: simu, saa, funguo, sarafu, kadi za benki, mkanda, pete, vikuku, bangili, herini, pini za mtandio, chupio, wigi au nywele za bandia zenye vibanio, meno ya bandia yanayotoka na vifaa vya kusaidia kusikia. Hirizi na tasbihi zenye madini nazo ziachwe kwa msindikizaji. Mhudumu hapaswi kumdharau mtu kwa kuvaa kitu hicho, na mvaaji hapaswi kukificha. Nguo za michezo zenye nyuzi za madini na vibandiko vya dawa vyenye utando wa madini huweza kupata joto na kuunguza ngozi. Ni salama kubadili nguo zote na kuvaa gauni la hospitali.

Mweleze mtaalamu kama una kitu chochote ndani ya mwili: betri ya moyo, vali bandia, stenti, vyuma vya mifupa, kitanzi cha uzazi, risasi au vipande vya bomu. Mafundi wa kuchomelea na kusaga vyuma wataje kazi yao, kwa kuwa kipande kidogo cha chuma kilichobaki jichoni kinaweza kusogea na kuharibu uoni.

Vifaa vya kitabibu hugawanywa katika makundi matatu kwa alama. Mraba wa kijani humaanisha kifaa ni salama katika chumba cha MRI. Pembetatu ya njano humaanisha kinaruhusiwa kwa masharti maalumu, kwa mfano nguvu fulani ya sumaku. Duara jekundu lililokatwa kwa mstari humaanisha hakiruhusiwi. Vali bandia na stenti nyingi zinaruhusiwa kwa masharti. Betri za moyo za zamani zilikatazwa, lakini tangu mwaka 2011, Marekani ilipoidhinisha ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya MRI, zimekuwepo zinazoruhusiwa kwa masharti. Huwezi kuzitofautisha kwa kupapasa kifua. Kadi uliyopewa siku ya upasuaji ndiyo itakayosema. Itunze kama unavyotunza kitambulisho chako.

Ukiwa ndani ya mashine, usikunje mikono ikagusana wala kupishanisha miguu, na waya za vibandiko zisijikunje juu ya ngozi. Ngozi iliyogusana ngozi na waya uliojikunja huweza kupata joto. Ukihisi mahali panaungua, bonyeza kengele mara moja bila kungoja pumzi iishe. Vaa kinga ya masikio, kwa sababu kelele za mashine huweza kuzidi desibeli 100.

8. Maswali ya kuuliza na majibu ya kuandika

Mwuliza swali hachelewesha kazi. Tunashauri kila mgonjwa aende na daftari dogo na kuuliza haya:

• Ni swali gani la moyo wangu ambalo kipimo hiki kinalijibu?
• Je, dawa ya kung'arisha picha inahitajika? Kama ndiyo, inaitwaje, na ni ya pete au ya uzi?
• Figo zangu zimepimwa lini, na matokeo yalikuwaje?
• Nimepimwa uzito leo? Nitachomwa kiasi gani?
• Dawa na vifaa vya kumhudumia mtu akipata mzio vipo karibu?

Baada ya kipimo, omba jina la dawa, kiasi na tarehe viandikwe katika cheti chako. Majina yaliyochapwa kwenye kichupa kama gadobutrol, gadoterate na gadoteridol ni ya dawa za pete. Gadodiamide na gadopentetate ni ya dawa za uzi. Rekodi hiyo itamsaidia daktari wa kesho asirudie dawa bila sababu.

Baki hospitalini walau dakika 30 baada ya sindano. Ubaridi mkononi, kichefuchefu kidogo au ladha ya chuma mdomoni hupita. Upele, uvimbe wa uso, kubanwa pumzi au kizunguzungu kikali ni dharura. Ngozi ikianza kuwa ngumu au viungo kukakamaa siku au wiki kadhaa baadaye, hasa kwa mgonjwa wa figo, rudi hospitalini na cheti chako. Madhara yoyote yaripotiwe kwa mhudumu wa afya au kwa ofisi ya mamlaka ya dawa iliyo karibu. Ugonjwa ule wa ngozi ulijulikana kwa sababu kuna madaktari waliandika walichokiona.

9. Jipime

Hali ya kwanza. Mzee mwenye kisukari ameandikiwa MRI ya moyo. Hajawahi kupimwa figo, na hajisikii vibaya. Je, achomwe dawa?
Jibu: Kisukari huharibu figo kimyakimya. Aeleze kwamba ana kisukari na aulizie kipimo cha kreatinini. Matokeo yatamwongoza mtaalamu kuchagua dawa na kiasi.

Hali ya pili. Mama ameambiwa picha zisizo na dawa zinaonyesha moyo wake unasukuma damu kwa udhaifu, lakini chanzo hakionekani. Figo zake ni nzima. Anaiogopa dawa kwa sababu "inabaki mwilini". Afanye nini?
Jibu: Aulize kama dawa iliyopo ni ya pete na kama atachomwa kiasi cha chini kinachotosha. Jibu likiwa ndiyo, faida ya kujua chanzo cha udhaifu wa moyo ni kubwa kuliko hatari iliyobaki. Uamuzi ni wake, na aufanye akiwa na maelezo kamili.

Hali ya tatu. Kijana mwenye betri ya moyo amepoteza kadi yake. Mapokezi wanamwambia, "Betri za siku hizi zote zinaruhusiwa." Je, aingie?
Jibu: Asiingie. Hospitali iliyomwekea betri itafute kumbukumbu zake kwanza. Kipimo kinaweza kusubiri, sumaku haitasubiri.

Somo hili halichukui nafasi ya ushauri wa daktari wako. Limekusudiwa kukupa maneno ya kuzungumza naye, ili atakapokuuliza kuhusu figo, mimba, pumu na vyuma, umjibu kwa ukamilifu, nawe utakapomwuliza kuhusu dawa, upate jibu lililonyooka.